Barua ya wazi kwa Mkutubi Mkuu: mizani mmehesabu, shairi hamkulisoma

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Salamu, na pole kwa kazi. Jibu lako nimelipata Jumanne, baada ya kulingoja miezi 14, kwa hiyo niruhusu nianze na shukrani: limefika, lina muhuri, na jina langu limekosewa herufi moja tu.

Diwani ya mashairi niliyoomba iwekwe maktabani imekataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, haina mchapishaji anayetambulika. Ya pili, ubeti wa mwisho wa shairi la ukurasa wa 41 una upungufu wa mizani, yaani silabi. Hii ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Nitaifikia.

Kuhusu mchapishaji: yupo. Ni mshairi mwenyewe. Ametia jina lake mgongoni mwa kitabu na kwenye ukurasa wa hakimiliki, na ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, anayo, tarakimu 13 kama zote zinazotolewa tangu 2007. Siku nilipoleta nakala, kijana wa mapokezi alikigeuza kitabu huku na huku akaniuliza, "Mzee, nembo ya mchapishaji iko wapi?" Nikamwonyesha ISBN. Akasema hiyo hata kitabu cha mapishi kinapewa. Kijana kasema kweli. ISBN hutambulisha toleo tu, haikuahidi mtu kwamba ndani mna kitu. Lakini nembo je, imeahidi nini? Mwaka 1855 Walt Whitman, mshairi wa Marekani, alitoa mashairi yake 12 kwa gharama zake, na ukurasa wa jina la kitabu haukuwa hata na jina lake. Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, alikataliwa na wachapishaji, mwaka 1901 akalipia nakala 250 za hadithi yake ya sungura. Mwaka uliofuata mmoja wa waliomkataa akaichapisha. Wote wawili wamo kwenye rafu zako, ndugu. Wangekuja na vitabu vyao mkononi, wangerudishwa pale pale mapokezi.

Usidhani naja kuwatetea wote. Nimesoma vitabu 63 vya waliojichapishia, kila kimoja nimekiandika kwenye daftari, na vingi kati ya hivyo nisingempa hata jirani niliyekosana naye. Riwaya zinaanza mhusika akiamka, ananawa uso, anajitazama kwenye kioo ili sisi tujue ana macho ya kurembua. Kuna moja ambayo shangazi alizikwa sura ya tatu, akahudhuria harusi sura ya tisa, na wala haikuwa hadithi ya mizimu. Kuna dibaji zinazoshukuru ukoo mzima, hadithi yenyewe ikawa fupi kuliko shukrani. Kuna mashairi huru ambayo ni sentensi za kawaida zilizokatwa vipande na kupangwa wima. Pambizo la ndani finyu mpaka uukunje mgongo wa kitabu kusoma mwisho wa mstari, ukiukunja gundi inaachia, umebaki na karatasi mkononi. Haya yote yana chanzo kimoja: hapakuwa na jicho la pili. Mhariri ni gharama, na mwandishi aliyekwisha kumlipa mpiga chapa hujiambia kuwa mkewe amesoma, inatosha.

Lakini daftari langu lina vitabu 11 vyenye nyota. Kimojawapo ni kijitabu cha hadithi fupi, jalada baya kupindukia, machweo na njiwa. Ndani mna mjane anayechaji simu ya marehemu mumewe kila usiku. Haipigi, haifungui, anaichaji tu. Siku moja inaita, na mwandishi anatuacha naye akiitazama inavyotetemeka juu ya meza, mpaka inanyamaza. Hatuambiwi nani alipiga. Nilifunga kitabu nikatoka nje kusimama kidogo.

Na sasa ukurasa wa 41. Sitanukuu, kwa sababu sikumwomba mshairi ruhusa, ila nitaeleza, maana naona huko kwenu haikuelezwa. Mshairi anamhesabia mama yake vidonge: vinane asubuhi, vinane jioni. Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Asubuhi iko ukwapi, jioni iko utao. Beti 11 zinakwenda hivyo bila kuteleza hata silabi moja, vina vimetulia, unaona kabisa mkono unaohesabu. Ubeti wa 12 mama anaanza kukataa vidonge vya jioni. Utao unashuka: sita, tano, nne. Mshororo wa mwisho una ukwapi peke yake. Kisha karatasi nyeupe.

Kamati yako imehesabu sawasawa. Mizani 17 hazipo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza zimekwenda wapi.

Nikiwa mwanafunzi mwalimu wangu angeliita guni, shairi lililovunja kanuni, na kunichapa, nakubali. Pengine kampuni kubwa ya uchapishaji nayo ingemwambia mshairi ajaze pale, atie maneno manne ya kuziba pengo, na shairi likafa likiwa limetimia. Mimi nadhani ubeti ule upo kwa sababu hapakuwa na wa kuusahihisha. Ndiyo, nimelalamikia kukosekana kwa mhariri hapo juu. Yote mawili ni kweli, nifanyeje?

Kwa nini mnavikataa vitabu vya waliojichapishia, nabahatisha tu. Huenda mfumo wenu wa manunuzi haumtambui muuzaji mwenye kitabu kimoja. Huenda kamati imeletewa mabovu mengi mpaka imechoka, na hapo nawaelewa, mimi mwenyewe nimechoka. Au ni uvivu tu. Nembo inasomeka kwa sekunde moja na diwani inataka jioni nzima.

Nikukumbushe pia, kwa heshima, ile rafu. Ulisimama mbele yetu kwenye tamasha la usomaji, ukasema kabla ya mwaka kwisha waandishi huru watakuwa na rafu yao. Tulipiga makofi, mimi nilisimama kabisa. Rafu ipo, sikatai. Ina kibao kizuri kimeandikwa WAANDISHI HURU. Chini yake mna maboksi ya wino wa printa, feni mbovu na ndoo. Ndoo, ndugu Mkutubi, haina ISBN, lakini imepokelewa.

Wakati huo maktaba ya vitabu hivi imekuwa chumba changu cha kulala. Viko chini ya kitanda, viko juu ya kabati, mke wangu anauliza tutalala wapi. Watu wa kikundi chetu cha usomaji wanakuja kuazima kwangu, hata saa za usiku, na sina kadi, sina muhuri wala faini. Kile cha mjane kimerudi bila jalada (jalada lenyewe halikuwa la kulilia, lakini bado). Viwili havijarudi kabisa, na hakuna nakala nyingine za kununua kwa sababu mwandishi alichapa chache zikaisha. Macho yangu nayo hayako kama zamani. Nikiondoka, hivi vitabu vinakwenda wapi? Kwa wauza karanga, vikafungiwe.

Nilikuwa nimepanga kuomba mambo mengi: rafu isafishwe, kamati iwe na mshairi japo mmoja, jibu lisichukue miezi 14. Nimeyaacha. Naomba moja. Ukurasa wa 41, wewe mwenyewe, si kamati. Usome kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa, na ukifika mshororo wa mwisho usikimbilie kufunua.

Nakala nimeiacha mapokezi. Kijana anajua ilipo, iko ndani ya ndoo.

Wako,
Msomaji mwenye kadi ya uanachama isiyodaiwa faini hata moja