Mdogo wangu, kuhusu ule mkuyu

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na watoto wanakuulizia kila siku. Ila lile neno lako la mwisho juu ya mkuyu mkavu ulioukata, kwamba "gogo si lipo, na uyoga unaota", siwezi kuliacha lipite.

Uyoga unaota, kweli. Huu wa masikio, wenye kutetemeka kama jeli, hula mti uliokufa, na mti usimame au ulale kwake ni sawa. Jua likiwaka husinyaa ukawa mweusi na mgumu. Mvua ikirudi huvimba ukaendelea na maisha. Ukate kwa kisu, uache michanga, uanike mpaka uvunjike mkononi. Siku ya kupika loweka nusu saa, mwaga yale maji, kisha uuchemshe uive hasa. Usiulaze majini usiku kucha, na joto hilo la Ifakara: kuna bakteria wenye sumu isiyotoka hata kwa moto.

Lakini kwa bata pori si sawa, mti usimame au ulale. Namsema yule mkubwa wa kichwa cheupe chenye madoa meusi, dume lake lina nundu juu ya mdomo. Jike hutaga ndani ya shimo la mti, akaatamia peke yake siku 28 hadi 30, na vifaranga hujirusha chini wenyewe mama akiwaita. Shimo hachimbi yeye. Hungoja kiini cha mti kioze, tena kwa kazi ya kuvu nyingine, si haya masikio ya juu ya gome, na hiyo ni kazi ya miaka mingi. Mti ukilala, shimo ni la kenge.

Najua matanga ya baba yalitaka kuni. Lakini ilikuwa masika, na manyoya laini yalionekana wazi kwenye mlango wa shimo. Ungekata matawi, shina ukaliacha. Ukasema mti mkavu hauna mwenyewe, ukawasha msumeno. Yale mayai, mdogo wangu! Ute na unga wa mbao vilikuwa vimegandana, na ganda moja bado lilikuwa na joto.

Ndiyo maana nilikupigia kelele mbele ya wakwe zako. Wanaosema sikuheshimu msiba waseme. Baba mwenyewe asingenyamaza, na wewe unajua.

Nasikia mkuyu wa upande wa majaruba nao umeanza kukauka kileleni. Usiuguse. Kuni za arobaini nanunua mimi, zinakuja na gari Alhamisi.