Treni ndiyo inayopima mzigo wa msafiri wa meli Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie makala yenu kuhusu Watanzania wanaokwenda Ulaya kwa safari za meli za kitalii. Makala ilizieleza vizuri meli zenyewe, vyakula vyake na bandari zinazopitiwa, lakini suala la mizigo ililimaliza kwa sentensi moja, kwamba msafiri azingatie kilo alizoruhusiwa na shirika la ndege. Kwa mtu anayeshuka uwanjani na kupelekwa kwa gari hadi ubavuni mwa meli, ushauri huo unatosha. Kwa yule anayeunganisha meli na treni, ili aone mji mmoja au miwili kabla ya kupanda au baada ya kushuka, ushauri huo unampoteza, kwa kuwa katika safari ya namna hiyo kinachoamua ukubwa wa sanduku si ndege wala meli, bali ni treni.

Kwenye uwanja wa ndege wa hapa Mwanza unakabidhi sanduku kaunta na hulioni tena mpaka uendako. Bandarini nako wachukuzi hulipokea nje ya jengo la abiria likiwa limefungwa kitambulisho chenye namba ya chumba, nawe ukalikuta mlangoni mwako baadaye siku hiyo. Kwenye treni hakuna wa kulipokea. Utaliburuta mwenyewe stesheni, utalipandisha mwenyewe ngazi za behewa, utalitafutia nafasi kwenye rafu, na ukifika utalishusha mwenyewe kabla mlango haujafungwa. Kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa sanduku moja ni uzito uliopangwa kwa hesabu za ndege, na mtu wa umri wangu anayejaribu kuuinua hadi usawa wa kifua huku watu wakimsukuma nyuma atajua mara moja kwamba hesabu hizo hazikumhusu yeye.

Nimefanya kazi ya reli hadi kustaafu, na naona tatizo linaanzia kwenye mazoea yetu. Tangu reli ya kati ilipofika Mwanza mwaka 1928, abiria mwenye mzigo mkubwa huupeleka ukapimwa, ukakatiwa risiti na kupakiwa kwenye behewa la mizigo. Treni ikifika Tabora husimama muda wa kutosha mtu kushuka, kununua chakula, kusalimiana na shemeji aliyekuja kumwona na kupokea kiroba dirishani. Treni za mwendo kasi za Ulaya kwa kawaida hazina behewa la mizigo ya abiria, madirisha yake hayafunguki, na katika stesheni za katikati ya njia husimama dakika mbili tatu tu. Aliyepanga safari akidhani atapata muda wa kuteremsha masanduku mawili, begi la mgongoni na mfuko wa zawadi, mmoja baada ya mwingine, atajikuta yuko chini na nusu ya mali yake inaendelea na safari.

Nichukue mfano wa Roma, kwa kuwa meli nyingi za Mediterania huanzia hapo. Meli hazifiki Roma. Zinafunga Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka jijini, na njia nafuu ya kufika huko ni treni ya kawaida kutoka stesheni ya Termini. Treni hizo mara nyingi huondokea majukwaa ya pembeni kabisa, ambako ni mwendo mrefu wa miguu kutoka lango kuu. Siku tuliyopanda mimi na mke wangu, mzee mmoja alikuwa amesimama ngazi ya kati ya mlango wa behewa, sanduku limemkwama kati ya goti lake na nguzo ya mlango, gurudumu moja limening'inia hewani, mkewe yuko ndani akivuta mkanda uliokwisha kukatika. Nyuma yao foleni ilifika hadi behewa la pili na hakuna aliyesema neno, kila mtu anatazama saa yake. Vijana wawili walilisukuma hatimaye, nalo likaziba njia ya ndani hadi mwisho wa safari kwa sababu halikuingia kwenye rafu yoyote. Ukifika Civitavecchia bado hujafika melini, kwa kuwa kutoka stesheni inabidi uende Largo della Pace, yanakoanzia mabasi ya bandari.

Venice ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi, na sikuona makala ikiutaja. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli zenye ujazo unaozidi tani 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca mbele ya mji wa kale. Meli kubwa sasa hutumia bandari za Marghera, Trieste au Ravenna, ingawa kwenye vipeperushi vya matangazo jina la Venice bado ndilo lenye herufi kubwa. Atakayelala Venice ili aonje mji kwanza, kisha meli yake ikawa Ravenna, atabeba sanduku lake kupita madaraja ya ngazi, kwa maana mji ule una madaraja zaidi ya 400 na mengi ni ya kupanda na kushuka vidato, ndipo apande treni kutoka stesheni ya Santa Lucia na kwa kawaida abadilishe treni njiani, Ferrara au Bologna. Kila kubadilisha ni ngazi za kushuka chini ya reli na ngazi za kupanda upande wa pili, na lifti haipo kila mahali wala haifanyi kazi kila siku.

Masharti ya maandishi nayo yapo, japokuwa si mengi. Treni za Eurostar ziendazo London zinaruhusu masanduku yasiyozidi sentimita 85 kwa urefu. Ufaransa inataka kila sanduku liwe na jina la mwenyewe, na treni zake za mwendo kasi, TGV, zina vipimo vya mizigo ambavyo mtu akivivunja anaweza kutozwa faini ya Euro 50. Hispania hupitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupanda treni za mwendo kasi, kwa hiyo mwenye mzigo mzito huuinua mara moja zaidi. Hata hivyo nasisitiza kwamba masharti hayo si kipimo cha kutegemea, maana sanduku la sentimita 85 linakubalika kisheria na bado linaweza kukushinda mlangoni.

Ushauri wangu ni sanduku moja kwa kila mtu, lile linaloingia juu ya kiti ndani ya ndege, lenye urefu wa sentimita 55 hivi na uzito usiozidi kilo 10 au 12 likiwa limejaa, pamoja na begi dogo la mgongoni. Wakazi wa milimani, kule Igogo, Mabatini na Bugando, hawahitaji mizani ya kulipima: walibebe mkononi, bila kuliburuta, kutoka barabarani hadi mlangoni kwao kupitia mawe na vidato vile vile wanavyovipanda kila siku. Wakilazimika kulitua njiani kupumzika, wafungue wapunguze.

Wakala mmoja wa safari hapa mjini aliwapa majirani zetu orodha ya vitu vya kuchukua, na nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa na taulo mbili, blanketi, pasi ndogo, birika la umeme na koti zito la baridi. Taulo na blanketi meli hutoa, na taulo hubadilishwa bila malipo. Pasi na birika, pamoja na ile heta ya kuchemshia maji ambayo wengi wetu hatusafiri bila hiyo, ni vitu vilivyokatazwa kwenye meli za abiria kwa kuhofia moto. Huonekana kwenye mashine ya ukaguzi, huchukuliwa, na mwenyewe hurudishiwa siku ya kushuka. Ina maana mtu amevibeba kutoka Mwanza, amevipandisha na kuvishusha kwenye kila treni, ili vikae stoo ya meli. Kinachohitajika ni adapta ndogo, kwa kuwa plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za Ulaya bara zenye matundu mawili ya duara.

Koti ni hadithi nyingine. Watu huenda soko la Mlango Mmoja wakachagua koti la mtumba zito kuliko yote, kana kwamba Ulaya nzima ni barafu mwaka mzima. Mwezi Julai Roma na Athens joto huvuka nyuzi 30, nasi tuliozoea upepo wa ziwa tutatoka jasho kuliko tulivyowahi kutoka hapa Mwanza. Hata Mei na Septemba sweta moja na koti jepesi la mvua vinatosha kwa Mediterania, na vyote viwili huvaliwa mwilini siku ya kusafiri badala ya kukunjwa sandukuni. Anayekwenda Norway au Iceland ana hoja yake, lakini naye aongeze nguo za kuvaliana, moja juu ya nyingine, aliache lile koti la kilo tatu.

Kwa nguo za kawaida, seti nne zinatosha safari ndefu kiasi chochote, mradi ziwe za rangi zinazooana na vitambaa vinavyokauka usiku mmoja. Vyumba vingi vya meli vina kamba ya kuanikia bafuni, na kipande cha sabuni hufanya kazi ambayo dobi wa melini huitoza kwa kila nguo. Chakula cha jioni cha mavazi rasmi kisimtie mtu hofu: kwa akina mama gauni moja la kitenge lililoshonwa vizuri linatosha, na kwa akina baba suruali ya rangi nzito, shati na koti la suti. Mimi nilivaa suti yangu ya Kaunda na wahudumu wakanisalimu kama balozi. Viatu viwe jozi mbili, moja ikiwa miguuni. Nguo ambayo nisingekubali mtu yeyote aiache ni khanga. Hujifunikia kwenye treni yenye kiyoyozi kikali, hutandikwa ufukweni, na hufunika mabega na magoti mlangoni mwa Basilika la Mtakatifu Petro, ambako asiyesitirika haingii.

Kwa maoni yangu kinachojaza masanduku yetu zaidi ya nguo ni zawadi na vyakula. Mkono mtupu haulambwi, nalijua hilo, na mwenye mtoto au mpwa anayeishi Ulaya hawezi kwenda bila chochote. Lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa na bidhaa zake kutoka nchi zetu, na matunda karibu yote yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Dagaa wa soko la Mwaloni ni suala la busara kuliko sheria: harufu yake ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kiyoyozi kinaizungusha usiku kucha, ni jambo ambalo ndoa nyingi hazitalivumilia. Kahawa ya Kagera iliyosagwa na doti moja ya khanga ni zawadi nyepesi, na kama treni inapita mji wa ndugu huyo kabla ya meli, mpe mapema uendelee mbele na mzigo mdogo zaidi.

Nirudi kwenye meli kwa jambo moja linalohusiana moja kwa moja na treni. Usiku wa mwisho abiria huagizwa kuweka masanduku nje ya milango yao, nayo huchukuliwa na kukutwa asubuhi ukumbini bandarini, kila kundi likishuka kwa zamu. Anayeweza kubeba mzigo wake wote mwenyewe huruhusiwa na kampuni nyingi kushuka miongoni mwa wa kwanza, bila kungoja zamu. Kwa aliyekata tiketi ya treni ya asubuhi, tofauti hiyo ndiyo ya kuiwahi au kuikosa, na tiketi nyingi za bei nafuu za mwendo kasi hazikubaliki kwenye treni inayofuata. Wale watakaoacha masanduku nje wakumbuke kubaki na nguo za kesho yake, maana wapo wanaoamka na nguo za kulalia tu.

Dawa, miwani na hati ya kusafiria vikae kwenye begi la mgongoni wakati wote, dawa zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Ndani ya hati hiyo mtu ahakikishe viza yake ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inatoka nje ya eneo hilo, kwa mfano kwenda Uturuki, kisha kurudi Ugiriki au Italia.

Nawaomba mawakala wetu wa safari waandike kwenye ratiba wanayompa mteja jina la kila stesheni na mahali pa kubadilisha treni, siyo jina la bandari peke yake, ili mtu ajue atabeba mzigo wake wapi. Kwa wazee na wenye ulemavu, waombe msaada wa stesheni wakati wa kukata tiketi, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa haki ya kusaidiwa kupanda na kushuka bila malipo, mradi taarifa itolewe angalau saa 24 kabla.

Mstaafu wa reli,
Nyamanoro, Mwanza