Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tupate kliniki ya pombe kabla mabibo hayajaanguka

Daktari, salaam kutoka Tandahimba.

Salfa tumeshapuliza, mikorosho imechanua, na watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wameanza kupita majumbani jioni kununua korosho ambazo bado ni maua. Nakuandikia sasa kwa sababu muda si mrefu mabibo, matunda ya mkorosho, yataanza kuanguka. Yakianguka, uraka, pombe ya mabibo, unapatikana kila kona, na nyuma ya uraka inafuata gongo. Minada ikifunguliwa na fedha zikiingia mifukoni, mtu ninayemsemea hapa hatakamatika tena.

Ni mpwa wangu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, kwa hiyo pombe yake ni kesi yangu. Ana miaka 34, watoto wawili, na shamba la mikorosho la urithi ambalo nusu ya mavuno yake huwa yameshauzwa kwa kangomba kabla ya Septemba. Huu ni mwaka wa nne anazimua, yaani anakunywa pombe ya kutuliza ulevi wa jana, asubuhi kabla hajanawa uso. Asipozimua, kikombe cha chai hakishiki kwa kutetemeka.

Ramadhani iliyopita aliamua kuacha. Alifanya kama wafanyavyo wengi huku: mwezi ulipoandama alikunywa ya mwisho, akaoga, akatia nia. Tulifurahi sote. Siku ya kwanza jasho na kutapika, tukasema ni swaumu ya mtu asiyezoea. Siku ya pili tukampeleka zahanati, wakampima malaria, hana, wakampa panadoli. Usiku huo akaanguka kwa degedege, akajing'ata ulimi. Kulipokucha alikuwa anasema na watu wasiokuwepo na kupangusa siafu ukutani ambao sisi hatukuwaona. Bibi yake akasema ni majini yamechukizwa na funga. Tukapoteza siku nzima kwa fundi, mganga wa kienyeji. Nauli na ada nililipa mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha sayansi miaka mingi, kwa hiyo sina mdomo wa kumlaumu bibi.

Hospitali tuliyomfikisha mwishowe, daktari kijana aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Amekunywa lini mara ya mwisho?"

Hapo ndipo nilipofundishwa mimi. Mtu akinywa sana kila siku, pombe inaupoza ubongo, na ubongo kwa kujihami unazidisha kasi yake. Ukiiondoa pombe ghafla, kasi inabaki bila breki, kama lori kwenye mteremko wa Newala. Kutetemeka huanza ndani ya saa chache. Degedege huja mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka huko kwa siafu huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Mtu anaweza kufa. Yaani tulikuwa tunamshangilia mpwa wangu akielekea kaburini, na kila mwaka sijui wangapi tunawashangilia hivyo hivyo, kisha tunasema alirogwa.

Dawa iliyomtuliza ilikuwa diazepamu, ikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1, ambayo daktari alisisitiza apewe kabla ya dripu ya sukari ili ubongo usiharibike. Sikuona hata kimoja ambacho lazima kitoke ng'ambo au kihitaji mashine.

Baada ya siku tano aliruhusiwa na karatasi imeandikwa "aache pombe". Hakuna tarehe ya kurudi, hakuna mtu wa kumwona. Idd ilipoisha alikuwa ameshaacha kuacha.

Daktari, kila tunapotaja uraibu mawazo yanakimbilia unga. Nalielewa hilo; pwani hii yetu inatazama njia ambayo majahazi ya heroini hupita kwenda kaskazini ya Msumbiji. Na kwa wa unga nchi hii imeonyesha njia. Muhimbili ilianza mwaka 2011 kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga: mtu anafika, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anarudi kutafuta riziki, kesho tena. Hafungwi, halazwi. Methadoni haitibu pombe, hilo nalijua. Ninachokipenda pale ni ule mwendo wa kuja na kurudi. Watu wetu wakisikia "tiba ya ulevi" wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, au nyumba ya kulipia Dar es Salaam ambako mtu anakaa miezi. Mkulima gani wa hapa atakaa miezi Dar korosho zikiwa chini?

Ombi langu: kila kituo cha afya cha wilaya hii kiwe na siku moja kwa wiki ya kliniki ya pombe ya kuja na kurudi. Muuguzi mmoja aliyefundishwa aulize yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, yale yaitwayo AUDIT, na apime mapigo ya moyo na presha. Anayetaka kuacha na hana historia ya degedege, si mjamzito, hana ugonjwa mwingine mkubwa, na nyumbani ana mtu wa kukaa naye, aanze dawa kwa siku chache za kupunguza, akifika kituoni kila siku kuchukua dozi ya siku hiyo tu, asipewe pakiti nzima akaizoea hiyo nayo. Mwenye historia ya degedege au anayeanza kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja. Wilaya hii haihitaji daktari bingwa kwa hili. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa, mhGAP, tangu mwaka 2008.

Lakini hizo siku chache ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye miezi inayofuata, na hapa naomba ukaze zaidi. Mtu arudi kila wiki, aulizwe wiki ilikwendaje, aulizwe hela ya mnada ataipokea na nani. Akiteleza asifukuzwe. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, naltreksoni na akamprosati. Zote mbili ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tafadhali uzitie kwenye maombi ya mkoa, hata kama zitachelewa. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, wamejaribu mazungumzo mafupi na majeruhi wa idara ya dharura, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Na sisi tuna majeruhi wa bodaboda wa kutosha kuanza nao.

Mambo mawili ya kienyeji, ambayo ofisini Mtwara huenda yasionekane. La kwanza, kupika gongo ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966, kwa hiyo mnywaji anaogopa kumwambia muuguzi anakunywa nini na kwa nani. Wahudumu waambiwe wazi, na mlangoni kuandikwe, kwamba linalosemwa mle haliendi polisi wala kwa mtendaji wa kijiji. Mama pima wetu, wauza gongo, ni shangazi na dada zetu, ada za shule zinatoka kwenye hizo chupa. Hakuna atakayefungua mdomo akidhani anamchongea.

La pili ni aibu. Usiandike "Kliniki ya Walevi" kwenye ubao. Iunganishwe na siku ya presha na sukari, wote wakae benchi moja, asijulikane nani kafuata nini. Pombe yenyewe inapandisha presha, kwa hiyo hutakuwa umedanganya mtu.

Masheikh na mapadri nitazungumza nao mwenyewe, hilo niachie. Nataka kabla ya Ramadhani ijayo msikitini litangazwe kwamba anayekunywa kila siku apitie kwanza kituoni, ndipo atie nia. Ila siwezi kuwaelekeza watu kwenye chumba ambacho hakipo.

Nimemwambia mpwa wangu kwamba nakuandikia. Alikuwa amekaa chini ya mkorosho, saa mbili asubuhi, ameshazimua. Akasema atakuja, sharti isiwe siku ya gulio. Hapa gulio lina siku yake, Daktari. Kabla hujapanga ratiba ya kliniki, wapigie simu wenyeviti wa vijiji uwaulize.

Mjomba mtu,
Tandahimba