Barua kwa Rukia: Masanduku ya Miezi Minne Baharini

Entebbe, Novemba

Dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kweli kusikia kwamba watoto wamewakatia wewe na Haji tiketi ya meli, kutoka Southampton, Uingereza, mwezi wa Januari mpaka mwezi wa Mei. Umeniuliza mbebe masanduku mangapi, na ukanieleza kwamba gomesi saba, yale magauni yetu marefu ya heshima yenye mabega ya ncha, zimekwishatengwa kitandani. Nakujibu mapema na kwa kirefu, maana anayepakia wiki ya mwisho hupakia kwa hofu, na hofu hujaza sanduku vitu visivyo na kazi.

Shika hili kwanza: meli haitawabana, ndege ndiyo itakayowabana. Kwenye safari ndefu kama hiyo abiria wa jirani na bandari hupanda na masanduku wanavyotaka, lakini nyinyi mnaanzia Entebbe. Tazama tiketi ya ndege, sehemu ya mizigo. Ikiandikwa 2PC, maana yake vipande viwili kwa kila mtu, na mara nyingi kila kimoja kisizidi kilo 23. Tazama na ya kurudi, kwa sababu huenda si shirika lile lile wala kipimo kile kile. Sanduku tupu lina kilo 3 mpaka 4 na nusu. Toa kilo 4, toa nyingine 2 kwa tahadhari, kwa kuwa mizani ya nyumbani na ya uwanja wa ndege hazisemi sawa kila siku. Unabaki na kilo 17 za vitu kwa sanduku, yaani kilo 68 kwa watu wawili. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza, na msafiri nayo.

Masanduku yawe ya kitambaa, laini, si yale magumu ya plastiki. Kabini ni ndogo kuliko sebule yako, na baada ya kupakua nguo masanduku lazima yaingie chini ya kitanda. Laini huingizwa moja ndani ya jingine yakabaki mawili. Magumu yatawakaa njiani miezi minne.

Nguo msizihesabu kwa siku, zihesabuni kwa kufua. Anayekwenda wiki mbili na anayekwenda miezi minne hubeba nguo sawasawa, tofauti ni sabuni tu. Haji anatosheka na suruali 4, mashati 8, kanzu 2, koti moja la suti, na chupi na soksi za siku 14. Wewe magauni mepesi 5, sketi au suruali pana 3, blauzi 7, mitandio 6, na nguo za ndani za siku 14. Leso 3 usiziache kwa vyovyote: ni shuka, ni taulo la ufukweni, ni la kujifunika mkiwa sebule za meli ambako kipoza hewa huwa kikali. Meli nyingi zina chumba cha kufulia chenye mashine na pasi, nyingine hufua zenyewe na kutoza kwa mfuko. Vitu vidogo mtavifua bafuni. Hapo ndipo kitambaa kinapojitambulisha: shati jepesi lenye mchanganyiko wa poliesta likitundikwa usiku hukauka asubuhi, suruali ya jinzi huloweka bafu siku mbili na kuanza kunuka uvundo. Acheni jinzi nyumbani. Sabuni ya mche, ile ya kukata vipande, ni bora kuliko ya maji, haimwagiki juu ya nguo.

Baridi mtaikuta Southampton, nyuzi 5 hadi 8 hivi mwezi wa Januari, na siku chache za mwanzo baharini. Baada ya hapo ni Karibi, Panama na Pasifiki, joto tupu. Kwa hiyo koti zito ni moja tu kwa kila mtu, na lisipakiwe: livaliwe au libebwe mkononi ndani ya ndege. Shukeni soko la Owino, Kampala, mchague la mitumba, lenye zipu nzima na kofia, lisilopitisha upepo. Chini yake sweta moja. Viatu jozi tatu, na vile vizito mvivae safarini. Na nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi msiibebe hata kama ni ya mtoto. Hapa kwetu raia haruhusiwi kuivaa, na Barbados na Jamaica sheria ni hiyo hiyo.

Sasa gomesi. Kuna jioni za mavazi rasmi, wanaume suti za giza na wanawake magauni marefu, na vazi la heshima la nchi ya mtu hukubaliwa bila swali. Gomesi ya hariri na kanzu yenye koti ni rasmi kuliko mengi utakayoyaona mle ukumbini, kwa hiyo usione haya kuivaa. Lakini saba hapana, dada. Gomesi ni mita 6 za kitambaa, na kikoyi cha ndani juu yake; iweke kwenye mizani ya jikoni uone inavyokula kilo zako. Chukua mbili, kikoyi kimoja kinachozikubali zote, na mishipi miwili ya kubadilishana.

Namna ya kuikunja ni hii. Funga vile vifungo viwili, uilaze kifudifudi kitandani, uinyooshe kwa viganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Mabega ndiyo roho yake. Yakilala, gomesi imekufa. Yajaze kwa ndani na jozi za soksi zilizoviringwa, bega moja jozi mbili, mpaka ncha isimame. Kunja mikono na pembe kuelekea katikati, upana ulingane na wa sanduku. Tandaza juu yake karatasi laini ya nailoni, kama ile ya dobi, kisha anza kukunja kutoka pindoni kwenda juu, mikunjo mipana, na nailoni ikipita kati ya kila mkunjo. Makunyanzi huletwa na kitambaa kusuguana na kitambaa chini ya uzito, na nailoni huvifanya viteleze badala ya kung'ang'aniana. Kikoyi kiweke chini kabisa ya sanduku, gomesi iwe ya juu kabisa, mabega yakitazama kifuniko, na kisiwepo kitu juu yake. Mkifika, itundike bafuni maji ya moto yakitiririka. Mvuke utamaliza kazi.

Mambo ya umeme yanawaponza watu wengi kwa kutojua. Plagi zetu za pini tatu bapa hazitaingia kwenye meli nyingi, ambazo zina matundu ya Kimarekani ya pini mbili bapa na ya Ulaya ya pini mbili za mviringo. Meli zinazotoka Uingereza mara nyingi huongeza ya aina yetu, lakini bebeni adapta mbili. Ekstensheni zenye kinga ya umeme kupanda zimekatazwa, na sababu ni ya kweli. Umeme wa melini kwa kawaida haukufungwa kwenye chuma cha meli kama wa nyumbani ulivyofungwa ardhini. Nyaya zote mbili ni hai. Kinga ile ndani yake imeunganisha nyaya na ardhi, kwa hiyo hitilafu ikitokea kokote melini, mkondo hupata njia ndani ya ekstensheni yako, inachemka, inawaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo juu yake mwaka 2013. Chukueni chaja moja yenye matundu manne ya USB, iliyoandikwa 100–240V, basi. Pasi, jiko dogo na waya wa kuchemshia maji vyote vitachukuliwa bandarini mizigo ikipitishwa kwenye mashine. Hata chetezo na makaa ya ubani, Rukia. Badala yake beba kichupa cha mafuta ya udi.

Kuta za kabini ni chuma, kwa hiyo ndoano 8 za sumaku zitawasaidia kuliko kabati: kofia, mikoba, misbaha, taulo la kuogelea. Lakini chuma hicho hicho hudanganya dira ya simu, basi msiitegemee kwa kibla. Kwenye televisheni ya kabini kuna chaneli ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea; pimeni kutoka hapo. Ramadhani itawakuta baharini, kwa hiyo beba tende za dukani zilizofungwa kiwandani. Chakula cha nyumbani meli hazikipokei. Binyebwa (karanga), mukene (dagaa), nsenene (panzi) na asali viacheni Jinja kabisa, kwa maana mtapita New Zealand na Australia, na huko matunda, mbegu, asali na nyama ni kesi. New Zealand mtu akikutwa na kitu ambacho hakukitaja kwenye fomu hutozwa papo hapo dola 400 za kwao. Hata udongo kwenye soli za viatu huangaliwa. Osheni viatu kwa brashi kabla ya kufika.

Dawa ndizo nisizotaka mpunguze. Vidonge vya presha vya Haji: siku 120 za safari, ongeza 30 kwa ajili ya kuchelewa. Ikiwa ni kimoja kwa siku, ni vidonge 150, vyote katika pakiti zake za asili, na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, kwa sababu jina la kibiashara hubadilika nchi kwa nchi. Vigawanye: dozi za siku 30 katika begi lako la mkononi, 30 katika la Haji, zinazobaki katika sanduku. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli msizibebe bila karatasi. Zipo nchi ambazo ni kosa kubwa, Falme za Kiarabu ikiwa mojawapo, na huenda ndege yenu ikapitia Dubai.

Mkivuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, siku moja ya kalenda itarukwa. Kile kisanduku cha vidonge chenye majina ya siku kitabaki na tundu moja limejaa. Asimeze mara mbili ili kulifidia. Ahesabu kwa kulala na kuamka. (Na siku hiyo ikiwa Ijumaa, Ijumaa hiyo hamtaiona.)

Malaria mnaweza kuondoka nayo mwilini bila kujua, kwa kuwa hukaa siku 7 hadi 30 kabla ya homa kuanza. Bebeni vipimo viwili vya haraka na dozi moja nzima ya Coartem kwa kila mtu: vidonge 24, yaani 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Homa ikitokea wiki za mwanzo, neno la kwanza kwa daktari wa meli liwe "tumetoka Uganda". Anayeona mafua siku nzima anaweza asiwaze malaria. Kwa kichefuchefu cha mawimbi, sinarizini humezwa kabla meli haijaanza kuyumba, si baada. Kadi ya manjano ya homa ya manjano iwe ile halisi. Tangu Julai 2016 ni halali maisha yote, lakini chanjo mpya huhesabiwa baada ya siku 10, na kwa kuwa Haji amepita miaka 60, amwone daktari kabla ya kuchanjwa kama hajawahi.

Begi la mkononi lisitoke mikononi mwenu. Bandarini wapagazi huchukua masanduku, nayo huwafikia kabini baada ya saa kadhaa, wakati mwingine usiku. Ndani ya begi hilo ziwe pasipoti, viza, kadi za chanjo, dawa, miwani ya akiba, pawa benki isiyozidi wati-saa 100 (ile ya 20,000 mAh ni 74), na nguo moja ya kubadili. Nguo zenu zichanganyeni, nusu za Haji katika sanduku lako na nusu zako katika lake, ili likipotea moja asikose mtu kila kitu. Ndani ya kila sanduku weka karatasi ya ratiba ya bandari na tarehe zake, maana sanduku lililobaki nyuma huifuata meli bandari kwa bandari. Na mfike Uingereza siku mbili kabla. Meli haimngoji aliyecheleweshwa na ndege.

Laini yako ya simu ya Uganda ibaki ndani ya simu, kwa sababu benki itatuma namba za siri humo. Lakini mkiwa baharini wekeni hali ya ndege, mtandao wa simu wa melini ni ghali mno. Noti za dola moja na tano mzipate hapa, kwa teksi na soko za bandarini. Ndani ya meli kila kitu ni kadi.

Usiku wa mwisho masanduku hutolewa nje ya mlango wa kabini kabla ya saa tano au sita, na hamtayaona tena mpaka gatini. Kabla ya kufunga zipu, tundika kwenye ndoano nguo ya kesho yake, viatu chini yake. Kila safari wapo wanaoshuka na nguo za kulalia kwa kulisahau hilo.

Pakieni majaribio wiki mbili kabla, mpime, halafu niandikie uzito wa kila sanduku. Likizidi kilo 21, nitakwambia la kutoa.

Msalimie sana Haji.

Nduguyo,
Safina