Wanawake na wanaume wasitiwe kapu moja katika utafiti wa jeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniuma kila nisomapo kwamba jeni za ugonjwa fulani zimegunduliwa. Mara nyingi wanawake na wanaume hutiwa kapu moja, tofauti ya wastani wao ikaondolewa kwa hesabu, basi, jinsia ikahesabiwa imeshughulikiwa.

Haijashughulikiwa. Tuseme badiliko moja la DNA linapandisha kipimo fulani kwa wanawake kwa alama mbili, na kwa wanaume linakishusha kwa alama hizo hizo mbili. Ukiwachanganya nusu kwa nusu unapata sifuri, na badiliko hilo linatupwa ilhali limemgusa kila aliyelibeba. Si mara nyingi athari hupingana kiasi hicho. Zaidi huwa na nguvu upande mmoja na kufifia upande wa pili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 kuhusu uwiano wa kiuno na nyonga ulipata maeneo 14 ya jeni, na 7 kati yake yalikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli. Ina mamia ya jeni, lakini tafiti nyingi zimeiruka kwa sababu hesabu zake ni ngumu. Mwanamke anazo mbili, mwanaume moja. Mwanasayansi wa jeni Mary Lyon alieleza mwaka 1961 kwamba katika seli za kike X moja hunyamazishwa, yaani jeni zake huzimwa. Leo tunajua baadhi ya jeni zake hazinyamazi. Mojawapo ni TLR7, jeni ya kinga ya mwili inayohusishwa na lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, unaowapata wanawake takriban 9 kwa kila mwanaume 1. Unautafutaje ugonjwa kama huo huku X umeiweka kando?

Hata hivyo tusikimbilie kutangaza tofauti. Uhusiano wa jeni na ugonjwa ukionekana kwa wanawake na kukosekana kwa wanaume, huenda wanaume waliopimwa walikuwa wachache tu. Tofauti yenyewe lazima ipimwe.

Nawasihi wahariri wa majarida ya sayansi wadai matokeo ya kila jinsia, pamoja na ya kromosomu X, hata pale ambapo hakuna tofauti iliyoonekana. DNA imeshasomwa, na jinsia ya kila mshiriki imeshaandikwa.

Msomaji wako