Mhariri, yule mlomwita kobe ni kasa

Mhariri salaam, na poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu linakaa hapa dukani kwangu Dodoma karibu kila siku, wateja wakisubiri chenji wanalichungulia, na sijawahi kuandika barua hata moja ila juzi nimeshindwa kunyamaza. Kuna picha mmetoa ukurasa wa ndani, mnyama mkubwa yuko kwenye mchanga, chini yake mkaandika "kobe akirudi baharini baada ya kutaga". Jamani, kobe ni wa nchi kavu, wa baharini ni kasa, sasa kobe arudi baharini kufanya nini?

Najua wapo watakaosema huyu mama hana kazi, kobe na kasa si walewale tu, wote wana gamba. Haya, sikilizeni basi. Mwaka juzi mwezi wa nne mpwa wangu anayekaa Dar alikuja kunisalimia, wakati wa kurudi akakuta kobe anavuka barabara, si mnajua mvua zikishanyesha huku wanavyotembea, akamhurumia, akamtia kwenye buti la gari mpaka Dar, halafu Jumapili akampeleka ufukweni Kigamboni akamrusha majini "akaungane na wenzake", mkewe pembeni anarekodi video. Kobe akazama kama jiwe. Wao wamesimama wanasubiri aibuke kule mbali, haibuki mtu. Bahati palikuwa na mzee anashona nyavu, akaacha kila kitu akaingia na nguo zake mpaka kifuani, akampapasa kwa miguu mpaka akampata, akamtoa akamshika kichwa chini maji yakawa yanamtoka puani. Akamwambia mpwa wangu, "Baba, huyu wa porini huyu, ulitaka kumuua?" Kobe alipona lakini ile video mpwa wangu aliifuta siku hiyohiyo.

Na si mjinga, ana digrii. Tatizo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Sisi tuliokulia Pangani tuliambiwa na bibi tukiwa wadogo kabisa, kasa ana makasia, kobe ana vinu. Mwangalie miguu tu. Kasa mikono yake ni mipana bapa kama kasia la ngalawa, nchi kavu anajikokota kwa tabu, na kichwa chake hawezi kukiingiza ndani. Kobe miguu imesimama kama kinu, ina kucha, ukimshtua kila kitu kinaingia ndani. Hata jina linakusaidia, kasa, kasia, unasahau vipi?

Pangani kwetu kasa walikuwa wanapanda kutaga kisiwa cha Maziwe, wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kivuli cha kutosha, ila bahari ilikila kidogokidogo na ilipofika miaka ya 80 miti ikawa imekwisha, leo ni tuta la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa. Kasa haelewi hayo, yeye anarudi palepale kwao na mayai yake mia na kitu. Kwa hiyo watu wa pale wakikuta kiota wanayahamisha mayai kwa mkono, taratibu, mpaka pwani ya Ushongo wanayafukia upya. Nilienda kwenye msiba nyumbani 2019 nikabahatika kuona kiota kinafunguka. Siku kama 60 hivi zilikuwa zimepita. Mwanzoni huoni kitu, mchanga unatitia tu katikati kama uji unaoanza kuchemka, halafu kichwa kimoja cheusi, halafu kimoja kinamkanyaga mwenzie, dakika chache tu wanamwagika wote, kila mmoja hatoshi kujaza kiganja, wanakimbilia maji. Yule kijana aliyetupeleka alituzuilia tochi maana wao wanafuata penye mwanga, zamani mwanga ulikuwa bahari peke yake, siku hizi ni taa za hoteli. Akatwambia pia mchanga ukiwa wa moto sana wanatoka majike, ukipoa wanatoka madume, hapo mama mdogo wangu akacheka akasema basi na joto hili watakosa waume. Tulicheka, ila ukifikiria si la kuchekesha sana.

Sasa nisijifanye msafi. Mi mwenyewe nimefuga kobe miaka mitatu hapahapa Dodoma. Mpangaji wangu alihama akamwacha, yule wa madoa ya njano na meusi, watoto wakampenda, nami nikampenda, asubuhi nikifungua mlango wa uani namkuta anaota jua kanyoosha shingo kama mzee anayesubiri chai. Tukawa tunampa ugali, mkate, wali uliobaki. Akawa ananenepa, gamba likaanza kuota vilima vilima, nikadhani ndo kukua. Akaja daktari wa mifugo kuangalia mbuzi wa jirani, alivyomwona kobe wangu akatikisa kichwa. Akaniambia huyu ni wa majani, nyasi, matunda yaliyodondoka, huko porini anatafuna hadi mifupa mikavu kupata chokaa ya gamba, we unampa mkate? Halafu akaona tundu. Pale ukingoni mwa gamba kulikuwa na tundu la kupitishia kamba, yule mpangaji alitoboa kwa msumari wa moto asipotee. Mi siku zote nilijua ni kama kutoboa kopo. Kumbe gamba ni mfupa wake, uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, lina damu na linasikia maumivu. Nililia bwana, sisemi uongo. Na kumbe hata kumfuga lazima kibali, mnyama wa porini si kuku, nikaenda mwenyewe kwa watu wa wanyamapori nikawaeleza, wakaja kumchukua. Mwanangu wa mwisho alininunia wiki nzima.

Kwa hiyo ukimkuta kobe barabarani, kama gari hazikuui wewe, mvushe upande uleule aliokuwa anaelekea, usimrudishe alikotoka, ataanza upya safari. Mnyanyue taratibu na usimwinue juu, maana akiogopa anakojoa, watu wanaona kichekesho kumbe yale ni maji aliyojiwekea ya kiangazi. Halafu nawa mikono kwa sabuni, wana vijidudu vya kuharisha. Basi, endelea na safari yako. Anayetaka kumwona kobe kwa nafasi akapande boti mpaka kisiwa cha Changuu pale Unguja, wale kobe majitu waliletwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana wakafika kama 200 mwaka 1955, wezi wakawabeba kuwauza mpaka 1996 wakabaki saba tu, ndo wakaanza kulindwa kwelikweli.

Na upande wa kasa kuna jambo zito zaidi la kutochanganya majina. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wengine 78 wakalazwa. Sumu ile inadhaniwa inatokana na vitu anavyokula baharini, na haitoki hata upike mpaka kesho. Mtu wa bara akisoma kwenye gazeti "nyama ya kobe imeua" ataogopa kobe wa shambani asiye na kosa, halafu siku akienda pwani akakaribishwa kasa atakula bila wasiwasi, si ameambiwa ni kobe ndo mbaya. Mnaona hapo?

Naomba kwenye meza yenu mtu mmoja tu awe anakagua hayo maneno ya chini ya picha, si kazi kubwa. Na kama mtatoa masahihisho, msiandike kasa halafu basi. Yule wa juzi nimemwangalia vizuri kwa miwani, mdomo umechongoka kama wa kasuku na magamba ya mgongoni yamepandiana kama vigae. Yule ni ng'amba, aina mojawapo ya kasa.

Mama Duka, Dodoma