Harambee ya mama yetu wa sauti ya pili

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ameomba jina lake lisiandikwe, na hakuna haja, mnamjua: ndiye ambaye kiti chake kwayani kimekaa wazi tangu Pasaka. Tumbo lilipoanza kumjaa, sisi wenzake tulimtania kwamba Mungu amemkumbuka kama Sara. Kumbe ni maji. Alimeza dawa za minyoo, akameza za gesi, hadi ultrasaundi ilipoonyesha uvimbe kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya uzazi. Ule utani bado unatuuma.

Ameshafanyiwa upasuaji na kumaliza dripu 6 za kemo, yaani dawa za saratani, moja kila baada ya wiki 3. Nywele zimeanza kurudi. Ila picha ya mwisho imeonyesha mabaki ya uvimbe kwenye nyonga, na madaktari wameamua apigwe mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ni mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Kwenye mashine analala dakika chache tu, kisha anaambiwa kesho tena. Ngozini anachorwa alama za wino asizotakiwa kuzisugua akioga, maana mionzi inalengwa palepale kila siku.

Gharama ya mionzi ndugu zake wamejichanga, ng'ombe wawili wamekwenda. Linalowashinda ni kuishi Dar. Kutoka Tukuyu huwezi kwenda na kurudi. Chumba cha siku 35 ni Sh 525,000, chakula chake na cha mdogo wake anayemuuguza Sh 420,000, nauli za basi Sh 200,000, na za kumfikisha hospitali kila siku Sh 100,000. Jumla Sh 1,245,000. Umoja wa Wanawake tumeshapata Sh 310,000. Bado Sh 935,000.

Na wale wanaonong'ona kwamba akirudi asibebe watoto: mionzi hii inatoka kwenye mashine, na mashine ikizimwa imekwisha. Haibaki mwilini. Mpeni wajukuu wenu awabebe.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, kutakuwa na mnada nje ya kanisa. Asiye na fedha alete mkungu wa ndizi, debe la viazi, hata kuku mmoja. Walio mbali watume kwa mhazini wetu, naye atasoma hesabu mbele ya usharika. Basi lao linaondoka Jumanne alfajiri.